Muhugu: Msitu Uliolazwa Sakafuni

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, upande wa mashariki wa kambi kulikuwa na nyika ya nyasi hadi Athi. Upande wa magharibi na kaskazini, ardhi inapoanza kupanda kuelekea Ngong na Kiambu, kulisimama msitu mkavu ambao mmoja wa miti yake mikuu ni muhugu. Mabaki ya msitu huo bado yapo Karura, Ngong na City Park, na anayetaka anaweza kwenda kuyatembelea Jumapili. Muhugu mwingine umo majumbani: umekatwa vibao vya inchi 9 kwa 3, ukapangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, ukapakwa nta, kisha mara nyingi ukafunikwa zulia. Watu wanaukanyaga kila asubuhi wakienda kuchemsha chai.

Mimi ni fundi wa sakafu za mbao. Nilianza kazi hii miaka ya 1970 katika karakana moja ya Industrial Area, na siku hizi vijana niliowafunza ndio wanaopiga magoti. Mimi nasimama na kuelekeza. Naandika haya kwa sababu sakafu za muhugu zinang'olewa Nairobi kwa kasi ambayo sijapata kuiona, na nikiwauliza wenye nyumba wanatoa nini, wananijibu, "Ni mbao kuukuu tu, mzee." Laiti wangeambiwa mbao hizo zilikotoka kabla ya kuita watu wa mtaimbo.

Kusini ya mpaka, Tanzania, mti huu hujulikana zaidi kama muhuhu, na pengine mkarambati. Wataalamu wa mimea wameuandika Brachylaena huillensis. Ni wa jamii moja na alizeti, jambo ambalo vijana wangu hukataa kuliamini mpaka niwaonyeshe maua yake madogo. Alizeti humaliza maisha yake kwa msimu mmoja; muhugu huweza kupita urefu wa mita 20. Jani lake ni la kijani iliyokolea upande wa juu na jeupe upande wa chini, kwa hiyo upepo ukipita msituni kilele chote hubadilika rangi. Kuna mti dume na mti jike. Mbegu ni ndogo sana, nyingi huharibiwa na wadudu, na zinazoota ni chache. Mche ukishika, hukua polepole mno, na shina lenye unene wa kufaa kupasuliwa huwa limezidi umri wa mtu aliyelishikia msumeno.

Shina hilo ndilo linaloeleza sakafu zetu. Halinyooki. Lina mifereji na mikunjo, limejipinda, na mara nyingi katikati lina uvungu. Mpasuaji akilitazama anaona tabu tupu: hapati ubao wa futi 14 wa kutengenezea mlango wala hapati mhimili. Anachopata ni vipande vifupi vya mbao ngumu kuliko karibu mbao zote alizowahi kugusa. Mita moja ya ujazo ya muhugu mkavu ina uzito wa kilo 900 na zaidi kidogo. Mvule, unaoheshimiwa na kila seremala wa Afrika Mashariki, ni kama kilo 650. Msumari hauingii mpaka utoboe tundu kwanza. Mchwa hauuwezi. Tena unanukia, harufu inayokaribia ya msandali, hata mafuta yake yamekuwa yakitolewa kwa mvuke na kuuzwa kwa watengenezaji wa manukato. Nimepiga msasa sakafu zilizowekwa kabla sijazaliwa, na mashine ikishaondoa nta na uchafu wa miaka, harufu ile hutoka tena ikajaa chumba kizima.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, na jambo hili la mti kuamua umbo la nyumba nililiona kwanza kwa nyanya yangu, Kibokoni, kabla sijasikia jina la muhugu. Vyumba vya nyumba ile ya mawe vilikuwa virefu na vyembamba, na nikiwa mdogo nilidhani wajenzi walikosa kiwanja. Baadaye nilifahamu kwamba ni boriti. Nguzo za mkoko na mkandaa zikibeba uzito wa mawe na chokaa haziwezi kuvuka upana mkubwa, kwa hiyo chumba cha nyumba ya kale ya Lamu, Mombasa au Unguja huwa na upana wa mita mbili na nusu, au tatu kasoro. Urefu ni hiari ya mwenye nyumba, upana ni wa boriti. Juu ya boriti hulazwa mawe bapa ya matumbawe, juu ya mawe humiminwa kokoto na chokaa, kisha hupigwa kwa vipande vya miti siku baada ya siku mpaka tabaka lishikane. Dari ya wa chini ikawa sakafu ya wa juu. Fundi wa Lamu aliijua boriti yake kabla hajapima kiwanja.

Boriti hizohizo zilifungwa korija korija, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Oman, Bahrain na Kuwait, nchi zisizo na miti ya kujengea. Huko nako vyumba vya nyumba za kale vilifuata kipimo kilekile, kwa sababu mti ulikuwa uleule wa Lamu na Rufiji. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Basi nilipokuja bara na kukutana na mti mfupi uliopinda, sikushangaa kuona kwamba nao ulikuwa umejitengenezea sakafu ya namna yake.

Lakini si muhugu ulioanza. Sakafu za mbao za kwanza Nairobi zilikuwa za mbao ndefu. Nyumba za watu wa reli zilikuwa za mabati, zimeinuliwa juu ya nguzo, na ndani yake mbao zimepigiliwa misumari kwenye mihimili huku hewa ikipita chini. Mbao zilikuwa za podo na za mutarakwa kutoka misitu ya nyanda za juu. Zilipasuliwa kwa msumeno wa shimo, mtu mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni akila vumbi, mpaka viwanda vya mbao vilipofunguliwa kandokando ya reli kule Mau. Podo ni nyeupe na inakubali randa vizuri, lakini wadudu wanaipenda kuliko sisi. Ule uwazi chini ya nyumba, uliokusudiwa kuzuia unyevu na mchwa, mchwa waliugeuza barabara yao. Nimeingia chini ya nyumba mbili tatu za namna hiyo zilizobaki, na mihimili niliyoikuta ilikuwa maganda: ukiigonga inasikika kama mbao, ukiisukuma kidole kinazama.

Mambo yaligeuka watu walipoanza kujenga kwa mawe na kumwaga zege moja kwa moja juu ya ardhi. Zege iliwanyima mchwa uwazi wao. Lakini zege hunyonya maji ya ardhini, na ubao mrefu ukilazwa juu yake hupokea unyevu kwa chini na kukaukia juu, kingo zikanyanyuka. Waingereza walikuwa na dawa ya hilo kwao, katika shule, makanisa na hata viwanda: vibao vifupi na vinene, vilivyochovywa kwenye lami ya moto na kubanwa juu ya zege. Lami ilikuwa gundi, na wakati huohuo ilikuwa kizuizi cha maji. Kibao kifupi hakina nguvu ya kujikunja kama ubao mrefu. Kikivimba huvimba kidogo, na jirani yake anakishika.

Sakafu ya namna hiyo haihitaji mti ulionyooka. Muhugu, ambao mpasuaji aliudharau, ukapata kazi iliyoufaa kuliko mti wowote wa nchi hii. Wataalamu wa mbao wa Uingereza, ambao maabara yao ilikuwa Princes Risborough, waliupa sifa ya mbao ya sakafu za kazi nzito, kwa jinsi usivyolika kwa kukanyagwa. Vibao vya muhugu vikaanza kupakiwa melini kwenda Ulaya. Viko huko hadi leo, na nadhani ni wachache wanaojua kwamba wanacheza dansi juu ya msitu wa Afrika Mashariki.

Waliozifanya sakafu hizi mjini walikuwa kwa sehemu kubwa mafundi wa Kalasinga na Waafrika waliofanya kazi chini yao. Masingasinga wa Ramgarhia, watu wa ukoo wa useremala na uhunzi kutoka Punjab, walikuja na reli wakabaki, na kwa miongo mingi ukitaka mlango, dari au sakafu Nairobi ulikwenda kwao. Mwalimu wangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita kijana hata nilipokuwa na watoto. Alizungumza Kiswahili cha karakana, kifupi na kisicho na salamu ndefu, na kila neno lake lilikuwa na kipimo ndani yake.

Magogo yalipofika yalipasuliwa mara moja yakiwa mabichi, kwa sababu muhugu ukikauka na ganda lake msumeno unalia. Vipande vilipangwa kivulini, tabaka na tabaka, vijiti vikiwa katikati ili hewa ipite, vikakaa miezi. Kisha viliingia kwenye tanuri kumaliziwa. Nairobi kibao kinatakiwa kibaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Mombasa hewa ina maji zaidi, na kibao kilichokaushwa kwa ajili ya Nairobi kikishushwa pwani kitavimba mpaka kisukume ukuta. Mzee hakuwa na kipima unyevu. Alichukua vibao viwili kutoka katikati ya rundo akavigonga kimoja kwa kingine karibu na sikio. Kikavu hulia, sauti nyembamba yenye mwangwi. Kibichi hujibu kwa kishindo kizito kilichokufa. Nilipopata kipima unyevu cha betri miaka mingi baadaye, nilikilinganisha na sikio langu, na hadi leo naanza na sikio.

Kibao kilichorandwa vizuri kilikuwa na ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, na chini ya ubavu wake mrefu kilichongwa mfereji mwembamba mdomoni, mpana ndani. Ukikitazama kwa mara ya kwanza hujui kazi yake. Ni mfereji wa lami: kibao kinapobanwa, lami ya moto huingia humo ikapoa ikiwa imejaa upande mpana, na kibao hakichomoki tena. Mkato ule mdogo, ambao mwenye nyumba hatauona maisha yake yote, ndio ulioshikilia sakafu za Nairobi kwa nusu karne na zaidi.

Siku ya kuweka, pipa la lami lilichemshwa nje. Ndani, Mzee alitafuta katikati ya chumba kwa uzi uliopakwa chaki, akaupiga ukaacha mstari mweupe juu ya zege. Hakuanza ukutani, kwa maana hakuna ukuta ulionyooka, na mtindo wa mfupa wa samaki ukianza na kosa la milimita mbili mlangoni, dirishani utakuwa kosa la vidole viwili. Mmoja alichovya kibao, mwingine akakipokea, wa tatu akakisukuma mahali pake kwa kiganja na kukigonga ubavuni kwa nyundo ya mbao. Lami hupoa haraka. Hakuna muda wa kubadili nia. Pembeni, kwenye ukuta, tuliacha nafasi tukaijaza vipande vya koki, ili masika yakija sakafu ipate pa kupumulia. Nafasi hiyo ilifunikwa na ubao wa ukingo, ule mafundi wanaouita skatingi. Baada ya lami kutulia ndipo mashine ya msasa ilipoingia, msasa wa mkwaruzo kwanza kisha wa kati kisha laini, na unga uliotoka tuliukanda na gundi tukaziba mianya. Mwisho ni nta.

Nta hiyo ilihitaji magoti ya mtu. Sakafu ya muhugu katika nyumba ya Mzungu ya miaka ya 1940 na 1950 iling'aa kwa sababu kulikuwa na mtu mzima, aliyeitwa boi hata akiwa na wajukuu, aliyeamka kabla ya jua akapiga magoti juu ya kipande cha blanketi na kuisugua kutoka ukuta hadi ukuta. Mji uligawanywa kwa rangi, na sakafu nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Kileleshwa, Lavington na Woodley zilipewa vibao. Nyumba nilizoingia Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, zina sakafu ya saruji. Fundi aliyetandika muhugu mchana Lavington alirudi jioni kulala juu ya saruji, kama alibahatika kupata chumba. Mimi naipenda kazi hii na sitaki kuisifu kwa kuficha jambo hilo. Wazee niliowakuta karakanani walikuwa na makovu ya lami mikononi na uvimbe magotini, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mita moja ya sakafu hiyo kwake.

Baada ya uhuru watumishi wa serikali Waafrika walihamia nyumba zile, na kwa mara ya kwanza watoto wetu wakajifunza kutambaa juu ya mbao. Wakati huohuo ulienea mtindo mwingine, nao ndio niliofanya zaidi katika maghorofa ya Ngara, Pangani na Kilimani: vijiti vyembamba vya milimita 8 hivi, vilivyopangwa vitano hivi na vitano vile, vikabandikwa juu ya karatasi vikiwa mraba mmoja tayari, na kuwekwa kwa gundi baridi badala ya lami. Ulikuwa mtindo wa busara. Ulitumia hata vipande ambavyo zamani vilitupwa jikoni kuwa kuni, na ulishusha bei mpaka karani wa benki akaweza kulipa. Lakini ubao wa milimita 8 unavumilia kupigwa msasa mara chache tu. Kibao cha inchi moja kinakwenda mbali zaidi: kila msasa mkubwa hula kama milimita moja, na juu ya ule ulimi kuna mbao ya kutosha kwa vizazi viwili vya mafundi.

Magogo nayo yalikuwa yakipungua. Nilipoanza yalikuja mazito. Nilipokuwa fundi kamili yalikuwa yamekonda kufikia unene wa paja, mengine yana uvungu mkubwa kuliko mbao. Si sisi peke yetu tuliokula muhugu. Wachongaji wa Ukambani waliutaka vilevile, na wao walikuwa wengi. Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi wa biashara hiyo, alijifunza kuchonga kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kutoka kwake ufundi ulienea kijiji kwa kijiji mpaka Mombasa na Nairobi. Twiga na vifaru vilivyouzwa kwa watalii vilichongwa kwa mpingo, na mpingo ulipoadimika vikachongwa kwa muhugu. Wengine waliukata kwa nguzo za uzio, kwa sababu hauozi, na kwa makaa. Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani kati ya Kilifi na Malindi, ulipokonywa miti yake minene kwa namna hiyo, na pamoja nayo makao ya yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimtambua miaka ya 1960 tu na ambaye anaishi hasa katika sehemu ya msitu yenye muhugu.

Serikali ilizuia ukataji wa miti ya kienyeji katika misitu yake miaka ya 1980, na mwaka 2018 ikasimamisha ukataji katika misitu yote ya umma. Wachongaji walihimizwa kuhamia mwarobaini na mjakaranda, na wengi walihama. Sisi wa sakafu tulihamia mbao za nje. Kuhusu Karura, kila mkazi wa Nairobi mwenye umri wangu anakumbuka Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipopigwa na walinzi kwa kutaka kupanda miti mahali ambapo wakubwa walikuwa wamegawiana viwanja. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nilipokwenda kutembea Karura baadaye, niligusa shina la muhugu lililosimama, lenye mifereji yake yote, na nikajikuta nalipima kwa macho kuwa vibao. Ni tabia ya kazi. Nilifurahi kwamba hakuna mtu atakayenilipa kulikata.

Sasa tunafika kwenye mtaimbo. Tangu miaka ya 2000 nyumba za zamani za Kilimani, Kileleshwa na Lavington zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa, na zile zisizobomolewa zinafanyiwa ukarabati na watu waliochoka na mbao. Wanaweka vigae, au wanaweka lamineti, ambayo ni karatasi yenye picha ya mbao iliyobandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Ikikwaruzwa haipigwi msasa, kwa kuwa chini ya picha hakuna mbao. Siwalaumu wanaoweka vigae bafuni na jikoni. Maji ni adui wa kila sakafu niliyowahi kuweka. Lakini kung'oa muhugu wa sebuleni kwa sababu umepoteza mng'ao, au kwa sababu vibao vitatu karibu na mlango vinacheza, ni hasara isiyo na fidia, maana duka la kununua mwingine halipo.

Wateja wenye nyumba mpya huniuliza waweke nini. Ninawaambia mtiki wa kupandwa. Wajerumani walileta mbegu zake Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na mashamba ya Longuza, kule Muheza, na Mtibwa, Morogoro, yamekuwa yakitoa mbao nzuri kwa muda mrefu. Mtiki una mafuta ndani, hautaharuki kwa mvua wala kiangazi, na aliyeukata amepanda mwingine. Mninga ni mzuri kwa macho na ni mtulivu kuliko mbao zote nizijuazo, ila unatoka porini na ni laini kidogo kwa nyumba yenye watoto na viatu. Mkaratusi ninauogopa: unakauka kwa hasira, na fundi asiye na tanuri asiuguse. Yeyote atakayekuuzia mbao za sakafu, muulize zilikauka wapi na kwa muda gani. Asipokuwa na jibu, ondoka.

Na kama nyumba yenye muhugu lazima ibomolewe, basi vibao vitolewe kwanza. Inawezekana. Anza ukutani ilipo koki, ingiza patasi pana chini ya kibao cha kwanza asubuhi wakati kuna baridi, kwa sababu lami ya asubuhi hukatika na lami ya mchana huvutika. Kibao cha kwanza ndicho kigumu, vingine hukifuata. Lami iliyobaki mgongoni ikwanguliwe ikiwa baridi vilevile. Ukiipeleka kwenye mashine ya msasa itayeyuka na kuharibu mkanda. Ikiwa huna hakika kama ni muhugu, kwangua ubavu kwa kisu na unuse. Chumba cha mita 20 za mraba kina vibao zaidi ya 1,100, nusu mita ya ujazo, kilo 450 hivi kwa jumla, na pikapu moja inabeba. Nimevitandika tena vibao vya namna hiyo katika nyumba za Syokimau na Ngong, upande uliokuwa chini ukiwa umesafishwa na ulimi ukiwa bado mzima, na wenye nyumba hizo wanavilipia bei ya mbao mpya bila kubishana. Wakandarasi wa kubomoa hutaka kazi iishe kwa siku mbili, kwa hiyo zungumza nao kabla hawajaingia, andikianeni kwamba sakafu si yao, na mfike na vijana wenu mapema kuliko wao.